Fimbo Uliyoichuma Mwenyewe

Bibi yangu alikuwa na hadithi moja ya mlima ambayo alitusimulia mpaka tukaijua kwa moyo. Kibo na Mawenzi walikuwa ndugu na majirani. Mawenzi alikuwa mvivu, moto wake ukizimika kila siku, basi anakwenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Kibo anampa, na chakula juu yake. Haijapita muda Mawenzi huyo tena, eti moto umezimika njiani. Anapewa. Mara ya tatu Kibo akachoka, akashika mchi wa kutwangia, akamshukia nao mwili mzima. Ndiyo maana, alisema bibi, Kibo ana kichwa kizuri cha mviringo na Mawenzi amechongokachongoka mpaka leo. Sisi tuliolelewa Mwika tunamwona Mawenzi kila asubuhi, pamoja na makovu yake. Tulikuwa tunacheka mpaka tunashika matumbo. Sikumbuki hata siku moja mtoto kuuliza pale jikoni kama Mawenzi aliumia.

Hadithi hiyo ilinirudia miezi michache iliyopita kwa sababu ya filamu moja ya zamani. Filamu yenyewe haina mlima wala Mchaga. Ni mtu mmoja, Mmarekani mweusi, amevaa shati jekundu, amesimama peke yake jukwaani na kipaza sauti, anaongea saa moja na dakika zake. Hana mwenzake wa kumjibu, hana vazi la kuigizia, hana hata meza. Jina lake Richard Pryor, na filamu inaitwa Richard Pryor: Live in Concert. Ilipigwa mwishoni mwa mwaka 1978 katika ukumbi wa mji wa Long Beach, California, ikatoka 1979. Mwenyewe alifariki Desemba 2005. Mimi nilikuwa sijapata hata kumsikia. Rafiki yangu mmoja aliipata kwa mgeni aliyembebea mizigo mlimani, akaja nayo kwenye flashi, tukaitazama watu wanne chumbani kwangu Pasua, kwenye kompyuta ya kuazima, huku dada yangu akiingia na kutoka na chai.

Nataka kuiandikia filamu hii kama tulivyokuwa tunaandikia vitabu darasani, fani na maudhui, ila mniruhusu nisianze na ile kazi ya kutafuta ujumbe. Nitafika huko kwa njia yangu.

Kwanza lugha. Huyu bwana anatukana. Anatukana kama mtu anavyopumua, na lile neno la kuwatusi watu weusi linamtoka karibu kila sentensi. Mimi ndiye niliyekuwa mtafsiri, maana wenzangu walisema Kiingereza changu cha kidato cha nne ndicho kilichobaki hai. Nilitafsiri dakika kumi za mwanzo nikachoka. Tusi la Kiingereza ukilileta kwenye Kiswahili jinsi lilivyo linanuka zaidi, na ukilipaka sukari kichekesho kinakufa. Mwishowe nikawaambia wenzangu: mtazameni mwili wake tu, maneno nitawapa pale inapobidi. Na kumbe hiyo ndiyo ilikuwa njia sahihi ya kumtazama Pryor.

Mwili wake ndio ukumbi mzima. Anasimulia jinsi baba yake alivyompeleka msituni kuwinda paa alipokuwa mdogo, na mara hayupo tena, amekuwa paa anayekunywa maji, masikio yanasimama, shingo inageuka kidogo, ananusa. Kisha anakuwa tena mtoto anayekanyaga majani makavu akijitahidi asitoe sauti. Anasimulia mbwa wa jirani aliyemfariji nyani wake walipokufa, na utaona huruma ya mbwa kwenye uso wa mtu. Anasimulia ugonjwa wa moyo uliompata mwaka 1977: anakunja ngumi, anaiweka kifuani, anaisokota, na moyo unaanza kumsemesha kwa sauti ya askari mkorofi, unamuuliza kwa nini anaogopa kufa sasa wakati alipokuwa akila nyama ya nguruwe hakuwaza. Anapiga magoti, anaanguka, anaomba. Watu wanacheka, na mtu anakufa mbele yao.

Basi, ikafika sehemu ya fimbo.

Pryor alizaliwa tarehe 1 Desemba 1940 katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Alilelewa zaidi na bibi yake, mama wa baba, aliyeitwa Marie. Mama yake mzazi aliondoka mtoto akiwa na miaka kumi. Bibi huyo alikuwa mkali, na alikuwa na desturi ambayo mimi nilidhani iko Kilimanjaro peke yake: ukikosea anakutuma wewe mwenyewe ukachume fimbo ya kukuchapia. Jukwaani Pryor anauonyesha ule mwendo wote. Mtoto anakwenda kwenye mti. Anachagua. Anakwanyua majani. Halafu anarudi nyumbani na fimbo mkononi, inapita hewani inalia, na mtoto anaanza kulia njiani, kabla hata hajaguswa. Kisha anakuwa bibi: kila silabi ni kiboko kimoja, swali linaulizwa kwa vipande, na mtoto anazunguka mkono ulioushika mkono wake kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Na baadaye bibi huyohuyo anampaka dawa kwenye alama, anamlaumu kwa upole, eti tazama sasa ulivyojifanya.

Rafiki yangu yule mpagazi alianguka kitandani kwa kicheko. Akasema, "Mae! Huyu kalelewa Kirua huyu!" Mwingine akasema hapana, huyu wa Kibosho kabisa. Sikutafsiri neno hata moja katika dakika hizo, na hakuna aliyeniuliza. Mtu aliyezaliwa Peoria, hatujui hata iko upande gani, alikuwa anatusimulia utoto wetu, pamoja na mambo ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyasahau, kama ile sauti ya fimbo njiani.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo, maana swali langu lote liko hapa. Tulikuwa tunacheka nini?

Kwetu kicheko cha fimbo ni kicheko cha kawaida mno. Kaeni kijiweni jioni yoyote, mmoja aanze, "Mnakumbuka yule mwalimu wa hesabu?" na kila mtu atakuja na ya kwake, na anayeshinda ni yule aliyechapwa vibaya zaidi. Mwisho wa maongezi lazima mtu aseme: lakini walitusaidia, ndiyo maana tumekuwa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Wote wanaitikia, mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Kicheko hicho kina kazi yake. Kinafunga faili. Ukishacheka umekubali kwamba jambo lilikuwa dogo, aliyekupiga yuko salama, na wewe uliyepigwa unaonekana mwanaume. Ndicho kile kile cha hadithi ya Kibo na Mawenzi: tunacheka tukiwa upande wa mwenye mchi.

Mtu anaweza kuniambia kwamba Pryor naye anafanya hivyohivyo. Baadhi ya wenzangu walimwelewa hivyo. Mimi nilidhani hivyo mpaka alipofika kwa baba yake. Pryor sasa ni kijana, amechelewa kurudi nyumbani usiku, na baba yake, ambaye aliwahi kuwa mpiga ngumi, anampiga ngumi moja ya kifua. Pryor anatuonyesha kifua kikibonyea. Lakini hakiishii kubonyea: kinaizunguka ile ngumi, kinaishika, kinaing'ang'ania, ili baba asiweze kuivuta arudie tena.

Tulirudisha sehemu hiyo mara tatu. Ni jambo lisilowezekana, na ndiyo maana ni la kweli. Nadhani mchekeshaji huyu hapo ametueleza kazi yake yote bila kukusudia kutoa mafundisho. Kicheko cha kijiweni kinaiachia ngumi iende zake. Kicheko chake yeye kinaikamata pale ilipogusa, kinaishikilia mbele ya watu elfu kadhaa, na wote wanaiona: ngumi hii, kifua hiki, mtoto huyu. Na ukikumbuka ile ngumi ya ugonjwa wa moyo, utaona ni mahali palepale kwenye mwili wake. Alipomwonyesha baba alikuwa anatumia kifua, na alipoonyesha kifo alitumia kifua hichohicho. Hasemi kwamba hili lilisababisha lile. Anaacha mwili uyaweke pamoja.

Tena angalia anavyomweka bibi. Angetaka, angemfanya shetani, tukamchukia, tukaenda kulala. Au angemfanya malaika, kama tunavyofanya sisi kwenye misiba. Yeye anamchezea kwa sauti yake, kwa mkono wake, na kwa ile dawa yake. Bibi anayepiga na bibi anayepaka dawa ni mtu mmoja, na mtoto anampenda, na mtoto ameumia. Katika mitihani tuliambiwa tueleze kama mhusika ni chanya au hasi. Ningeletewa Marie kwenye mtihani ningefeli.

Sasa nitoke Marekani nirudi nyumbani, maana sioni faida ya kumsifu mgeni bila kujipima.

Sisi tuna wachekeshaji, tena wakubwa. Wazee wetu walikuwa na Pwagu na Pwaguzi katika Redio Tanzania Dar es Salaam. Tulikuwa na Amri Athumani wa Tanga, King Majuto, aliyefariki Agosti 2018, mtu ambaye akitokea tu mlangoni nyumba nzima imeshacheka. Likaja kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilijulikana kama Orijino Komedi. Nawaheshimu wote. Lakini tazama fani yao: mchekeshaji wetu anavaa mtu mwingine. Anavaa mzee, mlevi, mshamba, mganga, mama mkwe. Anaweka kitambaa tumboni. Anacheza na wenzake. Ni nadra sana kusimama akasema "mimi", nilizaliwa mahali fulani, mama yangu alinifanyia hivi. Sanaa yetu ya kuchekesha imekuwa sanaa ya kumwonyesha jirani.

Hili lina sababu, na sababu si uvivu. Kusema "mimi" mbele za watu ni kuanika nyumba. Mambo ya nyumbani hayatolewi nje, na anayeyatoa anaitwa msaliti kabla hajamaliza sentensi. Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Kenya, kipindi cha Churchill kilizoesha watazamaji kumwona mtu mmoja na kipaza sauti akisimulia kwao na shuleni kwao, na Dar es Salaam kuna majukwaa kama Cheka Tu ambapo vijana wanapanda mmojammoja. Wengi wao wana kipande cha kuchapwa. Nimetazama vingi kwenye simu. Vinachekesha kweli. Ila vingi vinaishia pale kijiweni: mama mkali, ndala inaruka hewani, watu hoi, asante mama. Ngumi inaachiwa.

Na ziko ngumi ambazo hazishikiki kwa urahisi. Njambi McGrath ni Mkenya anayeishi Uingereza, mchekeshaji wa jukwaani, anapanda peke yake na kusimulia maisha yake. Mwaka 2020 kampuni ya Jacaranda ya London ilimtolea kitabu cha kumbukumbu zake, Through the Leopard's Gaze. Humo anaeleza jinsi alivyopigwa na baba yake akiwa na miaka kumi na mitatu karibu na kufa, akatoroka, akatembea usiku kucha katika mashamba na vichaka vya Kenya. Alilifukia jambo hilo miaka mingi, mpaka ulipokuja mwaliko wa harusi ya kaka yake ambako baba angekuwepo. Mtu anayeishi kwa kuchekesha alihitaji miaka mingi, na kitabu kizima, kulisema jambo moja. Kwa hiyo mtu asije akanielewa kwamba kila aliyepigwa aende akachekeshe. Kuna maumivu yanayotaka kicheko, kuna yanayotaka karatasi, na kuna yanayotaka kuachwa mpaka mwenyewe awe tayari.

Kabla sijaendelea nimkosoe Pryor, maana makala ya sifa tupu ni tangazo la biashara. Nina mambo mawili.

La kwanza linatuhusu sisi watu wa huku. Mwaka 1979, filamu hii ikiwa imetoka, Pryor alisafiri kwenda Kenya. Alisimulia safari hiyo katika filamu nyingine, Live on the Sunset Strip, ya mwaka 1982, miaka miwili baada ya kuungua moto vibaya sana nyumbani kwake, Juni 1980. Anasema alikaa kwenye ukumbi wa hoteli, akatazama kushoto na kulia, akaona watu weusi wa kila aina wakifanya kazi za kila aina, akagundua kwamba lile tusi halikuwa limemjia kinywani muda wote aliokaa huku, kwa sababu hakuona mtu wa kumwita hivyo. Akaapa kuliacha. Hiyo ni sehemu nzito, na imenigusa, kwa sababu ni mara chache mtu anakuja kwetu kujifunza adabu. Lakini pembeni yake kuna simba, kuna harufu za watu, kuna mambo ya mtalii. Sisi wa Moshi tumezoea. Kila wiki wanashuka wageni, wanapanda mlima kutafuta kitu fulani cha ndani ya nafsi zao, wanakipata, wanarudi nacho kwao, na aliyewabebea begi hana jina kwenye hadithi. Mtu aliyeweza kuwa paa, mbwa na bibi yake, alipofika Kenya hakuweza kuwa Mkenya hata mmoja kwa dakika nzima. Alimwigiza paa kwa heshima kubwa zaidi.

La pili ni zito zaidi, na ndilo lililonipata mimi. Katika kipande cha fimbo kuna watu watatu tu: mtoto, bibi, na fimbo yenyewe. Nyumba ile ya Peoria haikuwa na watu watatu. Bibi Marie alikuwa mwenye danguro, na mama yake Richard alikuwa mmoja wa wanawake waliofanya kazi humo. Katika kipande hicho cha fimbo hawamo. Pryor alikuja kuigusa nyumba hiyo waziwazi katika filamu aliyoiongoza na kuicheza mwenyewe mwaka 1986, Jo Jo Dancer, Your Life Is Calling, ambamo mtu mzima anarudi kumtazama mtoto aliyekuwa yeye. Wengine wanaiona filamu hiyo dhaifu, na kweli haina nguvu ya ile ya mtu mmoja jukwaani. Vitanda vipo, kuta zipo, waigizaji wapo, lakini ule mwili unaogeuka kila kitu haupo. Hata hivyo mama anaonekana. Mchezo wa mtu mmoja una utamu wake na una hatari yake: wote wanasema kwa kinywa cha mmoja, na asiyepewa kinywa hakuwepo.

Sasa nifike kwangu.

Ninaandika riwaya. Nimeianza mara nne. Sura ya kwanza inahusu siku niliyotumwa mafuta ya taa sokoni Mwika nikaishia kwenye banda la video, hela yote ikaenda. Bibi akanituma nikachume fimbo. Nikachuma tawi kavu la kahawa, likakatika kiboko cha kwanza. Akanituma tena, nikaleta jingine jembamba kama unyasi. Akanituma mara ya tatu. Niliwahi kuisoma sura hii kwa wenzangu na walicheka sana, nikajua hapa nina kitu. Baada ya kuitazama filamu ya Pryor, wenzangu wakasema, soma tena ile yako, tumpime Mmarekani. Nikasoma. Wakacheka tena. Nilisoma nikiinuka, nikimwigiza bibi, nikimwigiza mtoto anayepekua mibuni. Nilijisikia nina shati jekundu.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilipomaliza alisema, "Ile ya tatu hukuichuma wewe."

Nikamwambia, dada, hii ni riwaya.

Akasema, "Najua, mdogo wangu. Ila ya tatu alinituma mimi. Aliniambia nikileta mbovu tutachapwa wote. Wewe ulichapwa ukalala. Mimi ndiye niliyeichagua."

Wenzangu walinyamaza. Yeye akaendelea kumimina chai, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hiyo alipita kwenye mpaka wa kihamba, penye isale, akasimama. Wasiojua desturi zetu niwaeleze: isale ni ule mmea wenye majani marefu tunaoupanda kuonyesha mipaka ya vihamba, na ndio huohuo ambao Mchaga hubeba jani lake anapokwenda kuomba msamaha. Ukiletewa isale, si rahisi kukataa. Dada alikuwa na miaka kumi na mmoja. Aliwaza achume isale ampelekee bibi badala ya fimbo. Akaogopa, akaona msamaha wa isale ni wa wazee, akitokea mtoto nalo ataonekana anafanya mzaha. Akaenda kwenye mbuni akachagua tawi zuri, lenye maji, lisilokatika.

Nimelijua tukio hilo miaka zaidi ya kumi na tano. Nimelisimulia kijiweni, nimeliandika mara nne, nimelichezea watu. Sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na mtu mwingine ndani yake. Sijui kama nilisahau au niliona hadithi inakwenda vizuri zaidi nikiwa peke yangu. Nadhani ni hilo la pili. Mara tatu za mtoto mmoja zina mpangilio mzuri, kama Mawenzi na kaa lake la moto. Ukimwingiza dada, kicheko kinakwama.

Kwa hiyo swali langu la mwanzo, tulikuwa tunacheka nini, limenirudia likiwa na sura nyingine. Nilikuwa nauliza kama aliyepigwa anacheka upande wa mwenye fimbo. Sasa nauliza pia nani aliyeichuma. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zile za mwaka 2002, zilimruhusu mwalimu mkuu au aliyemteua, na zikaweka kikomo cha viboko vinne. Kila aliyesoma shule zetu anajua alichapwa vingapi na nani. Lakini mnakumbuka nani alitumwa nje kuleta fimbo? Kwa kawaida alikuwa kiranja, au mtoto mpole wa dawati la mbele, anayeaminika. Yeye hachapwi, na hana hadithi ya kusimulia kijiweni. Kila fimbo niliyoisikia ikichekwa, ilichumwa na mtoto.

Pryor analijua hili nusu. Ule mwendo wa mtoto kutoka kwenye mti, akilia kabla ya kuchapwa, ndio mwendo bora niliowahi kuuona jukwaani, kwa sababu unaonyesha jinsi mtoto anavyofanywa afanye kazi katika adhabu yake mwenyewe. Angeweza kuanza bibi akiwa tayari na fimbo mkononi, na bado watu wangecheka. Yeye akaona kwamba jambo lenyewe liko njiani, kati ya mti na mlango. Huo ndio ufundi ninaotaka sisi tunaoandika tuuibe: tusikimbilie kipigo, tukae njiani na yule mtoto, tumwache achague, tusikie ile hewa. Nusu nyingine, ya watoto wengine waliokuwa uani, jukwaa la mtu mmoja halikumpa nafasi, au yeye hakuitaka. Riwaya ina nafasi hiyo. Kama riwaya haina hata kitu kimoja inachomzidi mtu mwenye kipaza sauti, basi tuache kuandika twende tukachekeshe, huko angalau kuna hela kidogo.

Shuleni wangeniuliza mwishoni: filamu hii ina ujumbe gani kwa jamii yetu? Nitajibu kwa kadiri ninavyoona. Haikatazi fimbo wala haiisifu. Haimshtaki bibi. Inamtaka mtazamaji acheke huku macho yake yako wazi, na asikimbilie kusema "ndiyo maana tumekuwa watu". Huenda tumekuwa watu. Pryor alikuwa mtu, tena mkubwa. Mwaka 1998 walipoanzisha ile tuzo ya uchekeshaji ya Mark Twain kule Washington, wa kwanza kupewa alikuwa yeye. Lakini kifua chake kiliendelea kuishika ile ngumi mpaka jukwaani, miaka mingi baada ya baba yake kufa. Anayetaka kujua gharama atazame kifua.

Kama unaweza kuipata filamu hii, itazame, ila usiitazame na wazee wala watoto, matusi yake ni mengi. Itazame na mtu uliyekua naye nyumba moja. Ikifika sehemu ya fimbo msiirudishe haraka. Mwulize anakumbuka nini.

Mimi sura yangu ya kwanza nimeichana. Naandika ya tano. Nimeanzia kwenye isale, msichana wa miaka kumi na mmoja amesimama na kisu mkononi, nyumbani anasikia mdogo wake ananyamaza akisubiri. Nimemsomea dada kurasa mbili. Alicheka mahali pamoja ambapo sikutegemea, pale nilipoandika kwamba msichana alilipima tawi kwa kujichapa kwanza mguuni mwake. Akasema, "Hilo nani kakuambia?" Nikasema nimebuni. Akasema hapana, hukubuni.